Fundi Friji na Kasha la Mkamwana

Kadi ilikuwa ndefu kuliko kasha. Mkamwana aliisukuma kwa upole, akaigeuza, akaisukuma tena bila upole, kisha akakaa sakafuni na kuilaza mapajani kama mtu aliyemnunulia mumewe viatu bila kuuliza namba. Mbele yake kasha la kompyuta lilikuwa limefunguliwa ubavu, utumbo wote nje. Pale ambapo mkia wa kadi hiyo ya kuchakata picha ulitakiwa kupita palisimama kizimba cha bati cha kushikia diski, kimetulia tuli kama mlinzi aliyeambiwa asimruhusu mtu.

"Imegoma?" akauliza baba mkwe wake kutoka mlangoni.

"Kugoma ni afadhali, Baba. Aliyegoma unaweza kumbembeleza."

Mzee akaingia, akachuchumaa kando yake. Magoti yakalia. Hakuigusa kadi wala hakuuliza ni ya nini. Aliweka kiganja juu ya bati la kasha, akakiacha hapo kitambo, vile mtu anavyompima mtoto homa.

"Lina joto hata likiwa limezimwa," akasema.

"Ni chumba, Baba. Chumba ndicho chenye joto."

Neno hilo lilimchoma mzee, maana ndilo hasa alilokuwa akilikimbia.

Mtaani walimwita Baridi, na jina hilo halikutokana na tabia. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mwenye kicheko cha karibu na machozi ya karibu vilevile. Ila tangu ujana wake alikuwa akitengeneza friji. Alianza katika kiwanda cha barafu, akibeba mapande begani juu ya gunia lililolowa, hadi fundi wa mitambo alipochoka kumwona akichungulia kompresa saa za kazi akamwambia basi, kama hana aibu, na ashike taa. Alishika taa, akashika spana, na baada ya miaka akaushika ufundi wenyewe.

Mafundi friji ni ukoo mmoja dunia nzima. Uwakute katika mji wa bandari au mji wa milimani, wazungumze lugha hii au ile, wote huweka kiganja nyuma ya friji kabla hawajamaliza kumsalimia mwenye nyumba. Wote huuliza "Ilianza lini?" kwa sauti ya daktari. Na wote wana adui mmoja, naye ni kuvuja. Gesi ikivuja, friji imekufa. Baridi ikivuja mlangoni, umeme unaliwa bure. Fundi friji akiona mlango uliosindikwa nusu hupata maumivu ambayo watu wengine hupata wakiona damu.

Kwa mzee huyu uadui huo ulitoka kazini ukamfuata nyumbani. Kila friji iliyomfia mikononi aliichuna mpira wa mlango, ule wenye sumaku ndani, akaubandika mahali. Mlango wa sebuleni ulikuwa nao. Mlango wa chooni ulikuwa nao. Kabati la vikombe lilikuwa nao, na mgeni aliyetaka kikombe ilibidi akanyage ukuta kwa mguu mmoja ndipo avute. Milango ya nyumba ile haikujifunga kwa kishindo. Ilinyonya, fyup, na masikio yakaziba kidogo. Marehemu mkewe alikuwa akiwaambia wageni kwamba yeye aliolewa ndani ya friji, na humo ndani yeye ndiye taa: mlango ukifunguliwa tu, anawaka.

Alipofariki, baba na mwana walibaki kama wapangaji wawili. Mwana alikuwa muuguzi wa zamu. Akiingia baba anatoka, akiamka baba amelala, na maongezi yao yalikuwa ni sufuria zilizofunikwa zenye chakula ndani. Hali iliendelea hivyo hadi mwana alipooa.

Mkamwana aliingia na sanduku moja la nguo na manne ya nyaya. Kazi yake ilikuwa kuchora nyumba ambazo hazijajengwa. Wachora ramani walimletea mistari. Yeye aliigeuza kuwa kuta, madirisha, jua linalopenya pazia, sofa ambayo hakuna aliyewahi kuikalia, ili mwenye mali aone atakachopata kabla hajamwaga zege. Akishapanga kila kitu huiachia kompyuta ipige hesabu ya mwanga, saa nyingi mfululizo, na shughuli hiyo huiita kupika. "Baba, usizime umeme, ninapika," alisema siku ya kwanza, na mzee akaenda jikoni kufunua sufuria.

Haukupita muda mzee akawa na kigoda chake nyuma ya kiti cha mkamwana. Alasiri, kazi za gereji yake ya friji zikipungua, alikuja kutazama.

"Hii friji nani kaiweka hapa?"

"Mchora ramani, Baba."

"Imebanwa ukutani, haina pa kupumulia mgongoni. Na hili pembeni si jiko? Mwambie huyo bwana friji yake haimalizi mwaka."

"Ni picha tu, Baba."

"Picha leo. Kesho watu watajenga kwa kuifuata."

Mkamwana aliguna, kisha akaisogeza. Siku nyingine alimwita mwenyewe: "Baba, njoo uikague friji." Zipo leo nyumba nyingi, za watu ambao hawatamjua kamwe, ambamo friji imesimama mbali na ukuta kwa upana wa kiganja na mwenye nyumba hajui kwa nini.

Kwa hiyo mwanawe aliposema mezani kwamba wameona nyumba ya kupanga, upande wa pili wa mji, yenye kiyoyozi, kijiko cha mzee kilisimama njiani.

"Kiyoyozi?" akasema. "Mko nyumbani kwa fundi friji, halafu mnataka kwenda kukodi baridi?"

"Si sisi, Baba, ni kompyuta," alijibu mwana, macho kwenye sahani. "Kazi aliyoipata safari hii ni kubwa. Ni jengo zima, tena wanataka filamu ya kutembea ndani yake. Mchana chumba kile hakivumiliki. Mashine inajizima."

"Nipeni mimi hiyo mashine."

"Baba..."

"Nipeni. Nikishindwa kuipoza, hameni."

Alisema kwa sauti ya mzaha, lakini hakuwa na mzaha hata chembe. Alikwisha kuishi mara moja katika nyumba isiyo na mtu wa kubishana naye, na hakutaka kurudi huko.

Ndiyo maana sasa alikuwa amechuchumaa mbele ya kasha, akikigonga kwa kucha kile kizimba cha bati.

"Hiki kinatoka," akasema.

"Kimepigwa ribiti, Baba. Hakikuumbwa kitoke."

"Mwanangu, hata jino halikuumbwa litoke."

Mkamwana hakukubali drili isogee karibu mpaka kila kitu kiwe kimeondoka. Unga wa chuma, alieleza, ukidondokea kwenye bodi, siku utakapowasha utaona moshi tu. Alifungua skrubu moja baada ya nyingine, akaichomoa bodi kuu, akailaza juu ya mto na kuibeba hadi chumba cha kulala, akitembea upande upande kama anayemtoa kichanga kuogeshwa. Hapo ndipo mzee alipoliburuta kasha tupu hadi uani, akavitoboa vichwa vya ribiti, kizimba kikaanguka kwa mlio wa aibu. Masikio ya bati yaliyobaki aliyakata kwa grainda. Kingo alizipiga tupa mpaka zikawa haziwezi kumkata hata mtoto, kisha akaomba rangi ya kuzipaka zisishike kutu. Rangi iliyopatikana nyumbani mle ilikuwa ya kucha, nyekundu. Walipaka hiyo hiyo, mkamwana akishika chupa na mzee brashi, ulimi nje.

Kadi ikaingia, na nafasi ikabaki. Mkamwana alipiga makofi.

Kisha akapika picha ya majaribio, na furaha ikaisha. Feni zote zilipaza sauti kama mashine ya kusaga. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na tarakimu ya joto iliyopanda bila kupumzika, hadi kadi ikaanza kujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua.

"Feni," mzee akasema kwa dharau. "Feni haipozi kitu, mama. Inakuzungushia joto lako mwenyewe."

"Sasa tufanyeje?"

Mzee alikwisha kutoka. Gerejini kwake, katikati ya friji zilizosimama milango wazi, alichagua moja ndogo, ya kuwekwa kando ya kitanda, yenye kompresa nzima. Aliing'oa mifupa yake: kompresa akaiweka nyuma ya kasha, na lile bati lenye mishipa ya kugandishia akalikunja kwa uangalifu na kuliingiza ndani ya kasha, kando ya kadi. Halafu akafanya kile ambacho mikono yake ilizoea kufanya. Aliziba. Kila tundu la hewa, kila ufa, kila njia ya waya, aliipa mpira. Ubavu wa kasha ukapata mpira wenye sumaku. Akapaka povu la sabuni kuzunguka, akapuliza kwa ndani, akatazama kama kuna kiputo kinachotutumka. Hapakuwa na hata kimoja.

"Baba, kompyuta inapumua," mkamwana alimwambia, mikono kiunoni.

"Inapumua kwa sababu ina joto. Ikiwa baridi itapumulia nini?"

Mkamwana akawasha, na tarakimu ikaanza kushuka. Asubuhi nzima mashine ilipika bila kelele. Feni zilinong'ona tu. Mkamwana alimpigia mumewe simu hospitali akamwambia, "Sikiliza," akaielekeza simu kwenye kasha. "Sisikii kitu," mume akasema. "Ndiyo hicho hicho!" akajibu, na mzee kwenye kigoda chake akakunja nne, mtu aliyetimiza.

Baada ya chakula cha mchana mkamwana alitaka kuchomeka diski nyingine. Akavuta ubavu wa kasha, ukaachia, fyup. Mvua ilikuwa imenyesha kutwa nzima ya jana na hewa ya chumba ilikuwa nzito. Hewa hiyo ikaingia kwenye ule ubaridi kwa pupa, na papo hapo kadi ikaota matone, madogo, mengi, safi kabisa, mgongo mzima. Kioo kikawa cheusi.

"Jasho," mzee akasema, akasimama. "Imetoka jasho."

Kama kuna mtu aliyeyajua majasho ya friji, ni yeye. Alikwisha kuyapangusa maisha yake yote, akiwaeleza wake za watu kwamba hayo si maji yanayovuja, ni hewa ya nje inayolia ikikutana na baridi. Lakini katika maisha hayo yote alichoweka ndani ya baridi kilikuwa kitu kisichojali maji: nyama, maziwa, soda, mboga. Kitu chenye umeme hakuwahi kukiweka humo, ukiacha taa moja ndogo.

Mkamwana alichomoa waya ukutani. Akasema, "Baba, naomba uniache kidogo," kwa adabu ambayo ilikuwa haijawahi kuwepo kati yao.

Vipande vyote vilianikwa juu ya meza mbele ya feni, ile ile aliyokuwa ameitukana. Mwana aliporudi kutoka kazini, akiwa bado na sare, alivitazama, akamfuata baba yake uani.

"Baba, ile ni kazi yake."

"Najua."

"Wenyewe wanaisubiri."

"Nimesema najua."

"Nimempigia yule mwenye nyumba ya kupanga. Tunahamia mwisho wa mwezi."

Kadi ilikauka ikafufuka, maana maji yale yalikuwa safi na mkamwana alikuwa mwepesi wa kuchomoa waya. Lakini tarakimu zilirudi kule kule juu, na mwisho wa mwezi haukuwa mbali.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na fundi rejeta, rafiki wa Baridi na mtukanaji wake wa kudumu. Alikuwa ameinama kwenye pipa la maji akitafuta tundu kwenye rejeta ya lori, na hakuinua kichwa.

"Nasikia umemzamisha mkweo."

"Nani kakwambia?"

"Mwanao kapita hapa, uso kama betri iliyokufa. Kwani ulitaka kuigandisha kompyuta uiuze kwa kilo?"

"Acha upuuzi. Nataka ipoe bila kulowa."

"Gari linapozwa na nini?"

"Maji."

"Na umeme umo?"

"Umo."

"Linalowa?"

"Maji yamo ndani ya bomba, bwana, yatalilowesha vipi?"

"Sasa unaniuliza mimi nini?" Fundi rejeta akainuka, mikono ikichuruzika. "Shida yako wewe kila kitu unataka kukigandisha. Mtoto wa watu hataki barafu, anataka mashine isiungue tu. Mpitishie maji ya kawaida, yachukue joto, yakalitupe nje. Basi."

Baridi aliitazama ile rejeta ndani ya pipa. Friji haitengenezi baridi. Inabeba joto la ndani kulipeleka nje, hiyo ndiyo siri yake yote, na yeye alikuwa akiwafundisha vijana jambo hilo kabla rafiki yake hajaota ndevu. Kukumbushwa na mtu wa malori kulimuuma kuliko matone yale.

"Una rejeta ndogo?" hatimaye akauliza, akitazama pembeni.

"Ninayo ya hita ya gari kuukuu. Shaba tupu. Usije ukamwekea ya alumini, zikikaa maji mamoja na shaba zinatafunana. Na uniambie asante, maana naona neno limekukwama."

"Asante, mbwa wewe."

"Karibu tena."

Mlangoni kwa mkamwana mzee alibisha hodi, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Mama, nina wazo jingine."

"La kulowesha au la kukausha?"

Mzee akacheka, na kicheko hicho kikampeleka ndani hadi kwenye kigoda. Walianza upya, safari hii wawili. Mkamwana ndiye aliyejua kwamba vipo vibao vya shaba vyenye mifereji ndani, vya kukaa juu ya kadi na kunyonya joto lake. Alikipata kimoja kilichotumika, pamoja na pampu ndogo isiyozidi ngumi. Yeye alitaka rejeta ifungwe juu ya kasha. Mzee alitikisa kichwa.

"Ukilitupa joto humu chumbani umelitupa wapi? Ni kufagia takataka ukazisukumia chini ya kitanda. Lazima litoke nyumbani kabisa."

Rejeta ikaenda nje, chini ya paa, upande usiopata jua mchana kutwa, na feni moja ya kuipulizia. Mpira wote ukabanduliwa. Kasha likarudishiwa matundu yake ya hewa na kutobolewa mengine mawili mgongoni kwa ajili ya mabomba. Ukuta nao ukatobolewa. Halafu mzee akaanza kukunja shaba.

Mzee alichomeka springi ndani ya bomba lisije likabonyea, akaliweka gotini, akalibembeleza kwa vidole gumba, na bomba likageuka kona taratibu bila kunyauka, likaifuata meza, likaufuata ukuta, likazama kwenye tundu lake. Alikuwa akiimba chini chini. Kila kiungo alikichomelea kwa moto. "Nati ni mlango," alisema bila kuulizwa, "na mlango huvuja." Alijaza upepo kwanza, akapaka povu, akangoja, ndipo akaruhusu maji.

Wakawasha. Tarakimu ilipanda kidogo, ikafikiria, ikakaa pale pale. Mkamwana akaipa lile jengo zima. Ikapika tangu asubuhi hadi jua linaelekea kuzama, bila kupumzika, kwa ukimya uliomfanya ageuke nyuma na kusema, "Baba, kumbe unapumua kwa sauti hivyo?" Kule nje, chini ya paa, upepo wa moto ulitoka kwenye rejeta na paka wa jirani akauhamia.

Filamu ilikamilika, ikapelekwa, ikapokewa. Wenyewe walimpa mkamwana jengo lingine. Mwisho wa mwezi ulikuja ukapita na hakuna aliyeutaja, na mzee akaanza kula vizuri.

Halafu fundi rejeta akaja kuiona rejeta yake. Alizunguka nje, akazunguka ndani, akayafuata mabomba kwa kidole kutoka kwenye kasha hadi ukutani, ambako mzee alikuwa amelijaza saruji lile tundu na kulilainisha kabisa.

"We Baridi," akasema, "hii si kompyuta tena. Hii ni mali isiyohamishika."

Mwana akacheka. Mzee akacheka kuliko wote. Mkamwana hakucheka, alikuwa akipapasa kiungo kimoja cha shaba, pale palipochomelewa.

Mgeni alipoondoka akauliza, "Baba, siku tukihama, hii inafunguliwa vipi?"

"Haifunguliwi. Inakatwa."

"Inakatwa."

"Na mhame kwenda wapi tena? Si imepoa?"

Mkamwana akamtazama mumewe. Mumewe akatazama sakafu, ambako alikuwa na mazoea ya kutafuta ujasiri. Basi akasema mkamwana mwenyewe.

"Imepoa, Baba, na hakuna mwingine ambaye angeweza kuipoza hivi. Lakini joto lilikuwa sababu moja tu. Hiyo ndiyo iliyokuwa rahisi kuitaja mezani. Tunataka kuanza nyumba yetu. Wewe hujatukosea kitu. Angekuwa hapa baba aliyenizaa ningemwambia hivi hivi."

"Mlikuwa mnangoja nini kuniambia?"

"Tulikuwa tunakuogopa," mwana akasema.

"Mimi? Mtu gani ananiogopa mimi?"

"Tuliogopa utasema sawa huku moyoni si sawa," akasema mkamwana.

Mzee akasema anakwenda kutazama friji ya mwenye bucha, na akatoka.

Friji ya bucha haikuwa na ugonjwa. Alikaa gerejini juu ya kompresa iliyopinduliwa, akaingiza mkono mfukoni, akazikuta. Nati nne za shaba, zile za kuunga na kufungua bomba, pamoja na koki zake ndogo. Zilikuwa mfukoni mle tangu siku aliyokuwa akikunja mabomba. Alizichukua mwenyewe kutoka rafuni asubuhi ile, kisha akawasha moto wa kuchomelea, na kila alipoinama alizisikia zikigongana pajani. Ilikuwa hivyo siku nzima, naye akiimba. Mtu anaweza kufanya jambo kwa makusudi na asijiambie.

Siku mbili tatu alikula peke yake, akisingizia kazi. Kisha asubuhi moja akaingia chumbani na kisu cha kukatia mabomba.

"Zima mashine."

Mkamwana akasimama kati yake na kasha. "Baba, tafadhali. Kama umekasirika..."

"Nani kakasirika? Zima, umwage maji."

Alikata. Viungo alivyovichomelea kwa ustadi wote ule alivikata vyote, akavitupa kwenye ndoo. Akaivisha kila ncha nati yake, akaupanua mdomo wa bomba kwa kifaa chake hadi ukafunguka kama ua, akafunga koki huku na huku ili maji yabaki kila upande kwake. Alipomaliza kujaza na kupima kwa povu alimpa mkamwana spana mbili.

"Sasa fungua wewe."

"Nitaharibu."

"Haribu nikiwa hapa. Kule nani atakusaidia, huyu?" Akamwonyesha kwa kidevu mwanawe aliyesimama mlangoni. "Huyu anajua kufunga vidonda tu."

Mkamwana akafunga koki, akashika nati, akasukuma. Ikaachia. Tone moja likaangukia kiganja chake, basi.

"Rudisha. Kaza, lakini si kwa hasira. Shaba ni laini; ukiikaza kama unamkomoa mtu, mdomo unapasuka."

Alifungua, akafunga. Mzee hakumruhusu kupumzika mpaka akaweza kufanya yote huku akimsimulia mumewe habari nyingine kabisa, hiyo ikiwa ndiyo alama ya fundi. Mwisho mkamwana akaliinua kasha kutoka mezani, limetengana na ukuta, mabomba yake mafupi yakiwa yamefungwa midomo. Akasimama nalo katikati ya chumba, amelikumbatia. Hakujua afanye nini baada ya hapo.

"Ni zito?" mzee akauliza.

"Kidogo."

"Utazoea."

Walihama siku ya mapumziko ya muuguzi. Mzee alipanda mbele karibu na dereva, rejeta mapajani, na hakukubali iwekwe nyuma pamoja na vitanda.

Nyumba ya kupanga ilikuwa na vyumba viwili, kuta mpya, na milango iliyojifunga kwa kishindo kila upepo ulipopita. Kiyoyozi kilikuwepo kweli. Mwenye nyumba hakuwa amesema kilikufa lini. Mzee alikipitia kwa jicho moja na kwa nguvu nyingi akanyamaza. Mkamwana alikuwa amekwisha kuisukuma meza yake hadi dirishani.

"Meza nani kaiweka hapo?" mzee akauliza. "Jua la jioni litaipiga yote."

"Mimi, Baba. Napenda kutazama nje nikichoka macho."

"Pabaya hapo. Ukuta wa huku ndio wenye kivuli. Bomba lingekuwa fupi zaidi, halafu..."

Mkamwana alipangusa meza kwa kanga yake na kungoja.

Mzee akafungua begi, akatoa drili, akaitia msumari wake wa kutobolea ukuta, akatafuta soketi. Aliipata, akainama kuchomeka, kisha akabadili mawazo. Akailaza drili sakafuni. Akachomoa penseli iliyokuwa nyuma ya sikio lake, akamnyooshea mkamwana.

"Haya," akasema, "nichoree. Tundu unalitaka wapi?"